Wawili Wanavuta, Mmoja Anakamua

Mdai ameshika ng'ombe pembe anavuta kwa nguvu zake zote. Mdaiwa kang'ang'ania mkia, naye anavuta kwake. Katikati, wakili kaketi kwenye kigoda, anakamua taratibu wala hawatazami. Picha hii ya dhihaka ilichapwa kwa namna mbalimbali Uingereza na Marekani katika karne ya 19, na haikuhitaji maelezo marefu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Maduka ya picha ya London yalitundika michoro ya namna hiyo madirishani. Nakala iliyotiwa rangi kwa mkono haikuwa kitu cha kibarua kununua, lakini kutazama kulikuwa bure, na watu walijaa njiani wakicheka.

Walikuwa na haki ya kucheka. Ila wachoraji hao walimtwisha wakili mzigo usiokuwa wake peke yake. Kwenye picha ya ng'ombe amekosekana mtu wa nne: karani wa mahakama, mwenye ndoo yake pembeni.

Chukua Mahakama ya Chancery, iliyoamua mambo ya mirathi na amana. Kwa miaka mingi maofisa wake wengi waliishi kwa ada walizotozwa wenye kesi. Hati ilinakiliwa, nakala ikalipiwa, kisha ikatakiwa nakala nyingine. Kesi ikilala, karani hapungukiwi kitu. Juu yao alikuwapo Lord Eldon, aliyeiongoza mahakama hiyo kwa takriban robo karne hadi 1827, jaji msomi aliyesifika pia kwa kusitasita kutoa hukumu. Hata angewekwa wakili mwadilifu kiasi gani, angefanya nini katika nyumba iliyojengwa hivyo? Wigi na pua ndefu ni rahisi kuchora. Orodha ya ada haichekeshi mtu. Labda ndiyo sababu Bunge lilichukua hadi 1852 kufuta vyeo vya wale maofisa wakuu walioitwa Masters, na hadi 1873 kupitisha sheria ya kuunganisha mahakama kuu.

Charles Dickens aliyajua haya kutoka ndani. Ujanani alikuwa karani katika ofisi ya mawakili, kisha mwandishi wa habari za mahakamani. Mwaka 1844 wachapaji fulani waliiba hadithi yake ya Krismasi, naye akawashtaki Chancery. Akashinda! Wezi wale wakatangaza kufilisika, na mshindi akabaki na gharama za takriban pauni 700. Riwaya yake ya Bleak House, iliyoanza kutoka 1852 ikiwa na michoro ya Hablot Browne, inasimulia kesi ya mirathi inayokwisha pale gharama zinapomeza mali yote. Dickens mwenyewe, kazi zake zilipoibwa tena baada ya ile kesi, hakwenda mahakamani.