Kinyonga wa mtoto asifungiwe ndani, anahitaji jua

Shule zikifungwa, watoto wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, hushinda kwenye mashamba ya migomba na kahawa. Huko hukutana na kinyonga. Wakubwa wengi humwogopa, lakini mtoto asiye na hofu humbeba kwa kijiti hadi nyumbani, humtia kwenye boksi na kumlisha panzi.

Siku za mwanzo kinyonga huonekana mzima. Kumbe kuna kitu amekikosa: jua. Ndani ya mwanga wa jua kuna mionzi iitwayo UVB. Ikimpiga kwenye ngozi, mwili wake hutengeneza vitamini D3, inayomsaidia kufyonza madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Akiikosa kwa muda mrefu, mifupa hulainika. Miguu hupinda, taya hulegea, naye hushindwa kushika tawi au kurusha ulimi kunasa mdudu. Panzi peke yao hawamwokoi.

Wapo wanaodhani kumweka dirishani kunatosha. Hakutoshi. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu UVB yote. Balbu za kawaida za nyumbani nazo hazisaidii. Ndiyo maana wafugaji wa vinyonga Ulaya na Marekani hununua taa maalumu na kuzibadilisha kila baada ya muda, kwa sababu UVB yake hupungua ingawa taa bado inawaka.

Nyaishozi haihitaji taa hiyo. Iko karibu na ikweta, tena kwenye nyanda za juu, na jua lake la mchana ni kali. Lakini kumwanika kinyonga juani ndani ya ndoo au chupa ni kumuua kwa joto. Anahitaji jua na kivuli kwa pamoja, achague mwenyewe. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinyonga wa jamii inayotoka Madagaska: waliopewa chakula chenye vitamini D kidogo walijianika kwenye UVB zaidi kuliko waliopata ya kutosha. Kinyonga anajua kipimo chake.

Boksi halimpi nafasi ya kuchagua, mti unampa. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata mnyamapori.

Basi mzazi asimgombeze mtoto, wala asimpige kinyonga kwa fimbo. Aongozane na mtoto asubuhi hadi alipomtoa, wamweke juu ya tawi, kisha warudi nyuma hatua chache na kutazama. Kinyonga aliyepoa hugeuza ubavu kulielekea jua na ngozi yake huwa nyeusi ili apate joto haraka. Akitosheka, hujivuta taratibu hadi kwenye majani. Kesho yake mtoto anaweza kwenda tena kumtafuta, bila boksi.