Bomba tunaliona, kinacholibeba je?

Wadau, leo naomba tuongelee kitu kisicho na mvuto wowote: vile vyuma vinavyobeba mabomba viwandani. Mafundi wanaviita sapoti. Kuna za kusimama chini kama nguzo, kuna za kuning'iniza toka juu, na kuna zenye springi. Ukitembelea kiwanda utaonyeshwa boila na mashine mpya. Sapoti hutaonyeshwa.

Hebu twende Uingereza, kijiji cha Flixborough, Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1974. Kulikuwa na kiwanda cha kemikali chenye matangi sita makubwa yaliyopangwa kwa mstari. Mwezi Machi tangi la tano lilikutwa na ufa, likaondolewa. Ili uzalishaji usisimame, tangi la nne na la sita yakaungwa kwa bomba la inchi 20 lililopindwa, lenye kiungo cha mikunjo kama mvukuto kila upande. Likakalishwa juu ya jukwaa la vyuma kama yale ya wapaka rangi wa maghorofa. Mchoro wake pekee ulikuwa wa chaki, sakafuni karakana! Miezi miwili baadaye bomba likaachia, wingu la mvuke unaowaka likatanda, likalipuka. Watu 28 wakafa. Ingekuwa siku ya kazi, ofisi zimejaa, wangekufa wengi zaidi.

Kuna atakayesema hilo lilikuwa kosa la usanifu, si la ukaguzi. Sawa. Lakini mkaguzi ambaye kazi yake ni kuuliza "hiki kinabebwa na nini, na nani alikipigia hesabu?" angelikuta jukwaa mahali palipotakiwa sapoti. Miezi miwili ilitosha kuuliza.

Na hata sapoti iliyosanifiwa vizuri haibaki ilivyo. Chuma kikipata joto kinarefuka: bomba la mita 50 likipanda nyuzi 100 za Selsiasi linaongezeka kama sentimita 6. Kila mtambo ukiwashwa na kuzimwa bomba linasogea, bolti zinalegea. Pale linapokalia chuma maji yanajificha, kutu inakula kimyakimya. Msingi wa zege ukititia, sapoti moja inaachia mzigo na jirani zake wanaubeba. Huwezi kuona haya kwa kukagua mara moja siku ya ufunguzi.

Jamani, ukaguzi huu hauhitaji mamilioni. Tochi, mchoro, na mtu aliyefundishwa, anayepita bomba likiwa la moto na tena likiwa limepoa, anaandika alichokiona, na ana mamlaka ya kusema "zimeni". Nadhani hapo kwenye "zimeni" ndipo penye ugomvi, maana mtambo ukizimwa hasara inaonekana leo, ila ajali iliyozuiwa haionekani kamwe.

Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003. Lakini sheria haipandi ngazi ikashika bolti. Pendekezo langu: kila kiwanda kiwe na daftari la sapoti, kila moja na namba yake na tarehe iliyokaguliwa mara ya mwisho, na wafanyakazi wanaopita chini yake waruhusiwe kulisoma. Na sisi waandishi tukialikwa kiwandani, tuliombe daftari hilo kabla ya soda.

Mnasemaje wadau? Hasa ninyi mlioko viwandani: mara ya mwisho kumwona mtu akimulika tochi juu kwenye mabomba ilikuwa lini?