Simu ya binti wa shule: Nani aliyeinunua?

WAZAZI wengi wa Bagamoyo na vitongoji vyake, kuanzia Mapinga na Kerege hadi Kaole, wanapomkuta binti wa sekondari na simu ya mkononi humwuliza alikuwa akiongea na nani. Swali zito zaidi ni nani aliyeinunua.

Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, kijana wa miaka 15 kwa kawaida hutumia laini ya mama, ya kaka, au ya mtu asiyejulikana nyumbani. Simu yenyewe nayo ina mwenyewe, na vocha vilevile.

Hapo ndipo uhusiano wa vijana unapoharibika. Mvulana wa darasa moja hana fedha za kumtumia mwenzake salio. Dereva wa bodaboda au mwenye duka anazo. Aliyetoa simu hutarajia ipokelewe saa yoyote ya usiku, hudai kujua namba zilizomo, na siku ya ugomvi huitaka irudi pamoja na picha zake zote. Urafiki huo una deni ndani yake, na mdaiwa ni mtoto.

Pwani ilikuwa na njia zake za kupeleka maneno ya mapenzi. Alikuwapo somo aliyemfunda mwali, mshenga aliyebeba posa, na kanga ambayo ujumbe wake ulisomwa na mtaa mzima, pengine hata na asiyekusudiwa. Njia hizo hazikuwa za haki wakati wote, kwani mwali aliweza kuozwa bila kuulizwa. Hata hivyo, watu wazima waliofahamika walikuwa katikati. Ujumbe wa simu haupiti kwa yeyote.

Shule zimejibu kwa marufuku. Utulivu wa darasani unaihitaji, lakini binti anayemficha mwalimu simu hawezi kumweleza mwalimu huyo kwamba anatishiwa kupitia simu hiyo hiyo.

Sheria nazo si legevu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto. Zote zinasubiri mtu aseme, na anayetakiwa kusema ni mwenye simu iliyofichwa chini ya godoro, ambaye akifungua kinywa ataulizwa kwanza kwa nini anayo.