Mpangaji Aliyetolewa Nyumbani, na Haki Yake Juu Yetu

Amma baad. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu Mtukufu azihesabu nyumba miongoni mwa neema alizowaneemesha waja wake, na azitaja kuwa ni mahali pa kutulia. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni ndugu wa neno letu "maskani". Na "masikini" nalo latokana na asili hiyo hiyo. Mwezi huu twapenda kusema juu ya Muislamu ambaye kukosa maskani ndiko kumtiako katika umasikini, ilhali kazi anayo, kodi alilipa, na deni la mtu hana.

Natuchukue mfano wa jamaa wa Dar es Salaam. Na wengi katika wasomaji wetu wawajua watu walio kama hawa. Mume ni seremala. Mke huuza maandazi na chapati barazani kila asubuhi. Wana watoto wanne, na bibi mzaa baba akaa nao. Wamepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, na uani jiko na choo cha shirika. Kodi ya vyumba vyote viwili ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya mji huo, wamelipa miezi sita kwa mara moja, tangu Januari hata mwisho wa Juni. Mwezi wa Februari mwenye nyumba afariki dunia. Warithi wataka kugawana, nao waiuza nyumba. Mwezi wa Machi aja mnunuzi, naye ataka kuivunja ajenge ghorofa. Awaambia wapangaji wote watoke kabla ya mwezi kwisha.

Basi waanza kutafuta. Kila wafikapo huambiwa neno lile lile: miezi sita mbele. Hiyo ni shilingi 600,000. Dalali naye ataka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 100,000, na wako madalali watakao malipo hata kwa kuonyesha chumba tu. Shilingi 100,000 kila mwezi jamaa hawa wanaziweza. Kwa taabu, lakini wanaziweza, na miaka mingi wamezilipa. Shilingi 700,000 katika siku thelathini hawazipati. Mwisho wa mwezi vyombo vyatolewa nje. Wavulana wapelekwa kwa ami yao Mbagala, wasichana na bibi kwa shangazi Tandika, na mume alala penye kazi yake baina ya mbao. Mke hana baraza tena, na wateja wake wamebaki mtaa ule. Basi pato lililokuwa likijazia kodi limekatika siku zile zile ambazo kodi yatakiwa mara sita. Watoto wakosa skuli na madrasa kwa umbali. Hapo ndipo ajapo mtu na mkopo wa riba, ule ambao watu wa mjini wameupa jina la "kausha damu", na jina lake latosha kueleza mwisho wake.

Wengi wakisikia habari kama hii husema, "Ndiyo kadari, nyumba imekwisha uzwa." Sisi twasema, kadari ni haki, lakini dhulma ya mja haifichwi nyuma ya kadari. Natutazame Sharia yasemaje.

Kupangisha nyumba ni ijara, na ijara katika madhehebu yetu ya Shafi ni mkataba wenye kuwafunga watu wote wawili. Hauvunjiki kwa kufa mwenye nyumba wala kwa kufa mpangaji. Mrithi husimama mahali pa aliyekufa mpaka muda wa mkataba utimie. Wala hauvunjiki kwa kuuzwa nyumba. Kuuza kwafaa, lakini mnunuzi huipokea nyumba hali ya kuwa na mpangaji wake ndani mpaka muda wake umalizike. Kwa hiyo Aprili, Mei na Juni zilikuwa mali ya jamaa wale, zimekwisha nunuliwa kwa fedha zao. Warithi waliopokea thamani ya nyumba tupu wameuza kitu ambacho baba yao alikuwa amekwisha kukiuza kwa mwingine. Kama waliihitaji nyumba iwe tupu, njia ilikuwa ni kumwendea mpangaji, kuafikiana naye kwa ridhaa yake, na kumrudishia shilingi 300,000 za miezi mitatu asiyoikaa. Lau fedha hizo zingalirudi mkononi mwao, zingalikuwa nusu ya kodi waliyotakiwa huko wendako, na huenda mlango mmoja ungalifunguka.

Tena aya za mirathi, katika Sura ya An-Nisaa, zataja kwamba mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Watu wengi hukumbuka deni la dukani na la rafiki, wakasahau kodi ambayo marehemu aliipokea kwa miezi ambayo haijafika. Na mtu akiisahau haki haimwondokei shingoni.

Sheria ya serikali nayo ina mlango wake. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi, na miezi ya kulipa mbele, ni mapatano ya watu wawili. Mwenye kudhulumiwa hupeleka shauri lake mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lawekwa kwa sheria ya mwaka 2002 ya migogoro ya ardhi. Lakini mapatano yakiwa ndiyo ngao ya mpangaji, na mapatano yenyewe ni ya maneno ya mlangoni, ataonyesha nini barazani? Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika deni la muda na kushuhudisha. Na kodi iliyolipwa mbele haiko mbali na hilo.

Enyi vijana wetu mliosoma, hapa pana kazi yenu. Waandikieni wazee wenu. Karatasi moja yatosha: majina ya wawili, kiasi cha kodi, siku ya kuingia na siku ya kutoka, yatakayokuwa nyumba ikiuzwa au mwenyewe akifariki, na muda wa kuarifiana. Watie mkono wote wawili pamoja na mashahidi, na kila malipo yawe na risiti yake. Mtu haoni haya kuandikiana na ndugu yake. Haya ni ya kugombana naye baadaye.

Sasa twarejea kwa wenye nyumba. Hatusemi kwamba kutaka kodi mbele ni haramu. Mwenye mali aweza kuishurutisha, na mpangaji akikubali humlazimu. Twajua pia kwamba wengi katika wenye nyumba si matajiri. Yuko mjane ambaye vyumba vitatu ndivyo vimlishavyo yeye na mayatima wake, naye amekwisha kuonja mpangaji aliyehama usiku na kodi ya miezi minne. Hofu yake ina sababu. Na mpangaji naye ana ya kumpasa: alipe kwa siku yake, aitunze nyumba kama amana, na muda ukitimia atoke bila ya kuvutana.

Lakini kama hofu ndiyo iliyoleta miezi sita, Sharia imekwisha kuwekea hofu hiyo dawa, nayo ni dhamana. Mtu mwenye kujulikana msikitini asimame amdhamini seremala, kwamba kodi ikikosekana yeye atalipa. Na mwenye nyumba apokee mwezi kwa mwezi, au miezi miwili. Mjane hapotezi kitu, na seremala hatafuti riba. Katika kila mtaa wako watu ambao dhamana yao ingekubaliwa. Kinachokosekana ni wao kuombwa, au wao kujitolea kabla ya kuombwa.

Akina mama nao wanayo mikononi njia ambayo huenda hawajaipima vema. Upatu waujua wote. Wakikusanyika wenye kupanga sita, kila mmoja akatoa shilingi 100,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 600,000, ambazo ndizo kodi ya miezi sita sawasawa. Wakizipanga zamu kwa kufuata mwezi ambao kila mmoja kodi yake yatakiwa, basi mzigo wa mara moja umegeuka kuwa mzigo wa kila mwezi, wala hakuna riba ndani yake, kwani kila mtu apata kile alichokitoa. Sharti ni uaminifu, na daftari.

Upatu, hata hivyo, hauwezi kumwokoa aliyeambiwa ahame leo. Huyo ahitaji karadha njema. Kamati ya msikiti ikiwa na shilingi 600,000 za kazi hiyo, ikamlipia kodi, naye akazirudisha kwa shilingi 100,000 za kila mwezi, kiasi kile kile alichokizoea, basi mwezi wa sita fedha zote zimerudi na zamngoja mwingine. Na asiyeweza kurudisha hata hizo, huyo ni wa zaka. Twaona kila Ramadhani safu ndefu za watu milangoni pa wenye mali, kila mmoja apewa shilingi chache, na jioni arudi alivyokuwa. Mafakihi wa Shafi wamefundisha kwamba fakiri hupewa kadiri ya kumtosheleza. Zaka iliyomtia mtu mmoja nyumbani pamoja na watoto wake imefanya kazi ambayo safu ya watu mia haikuifanya.

Na jambo la wakfu tusilisahau. Zubeir bin Al-Awwam, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliziweka wakfu nyumba zake, akashurutisha kwamba binti yake aliyeachwa apate kukaa humo bila ya kudhuru wala kudhuriwa, mpaka atakapojitosheleza kwa mume. Tazama jinsi sahaba huyu alivyomfikiria mtu asiye na pa kurudi. Unguja, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu wa wazee waliotangulia, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo izisimamiayo. Leo twaweka wakfu misikiti na visima, na ni jambo jema sana. Mwenye nyumba tatu na aifikirie moja, au vyumba viwili tu vya uani, kuwa pa kupokelea jamaa waliotolewa, kwa miezi mitatu mitatu, ili watoto wasitawanywe.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofika Madina hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub Al-Ansari mpaka zilipojengwa nyumba zake ubavuni pa msikiti. Na katika Sura ya Al-Hashr Mwenyezi Mungu awataja mafakiri Muhajirina waliotolewa majumbani mwao, kisha awasifu Ansari waliowapokea na kuwatanguliza mbele ya nafsi zao hali wao wenyewe ni wahitaji. Hapana aliyewauliza Ansari kama wana nafasi ya kutosha.

Neno letu la mwisho ni kwa warithi. Siku mtakayokaa kuhesabu mafungu ya nyumba ya baba yenu, kabla hamjamwita dalali, mwendeeni mpangaji, mpige hodi, mumuulize amelipa mpaka lini. Jawabu lake ni sehemu ya hesabu yenu, na baba yenu ataulizwa juu yake kabla yenu.

Mwenyezi Mungu awarudishe nyumbani waliotolewa, na atuwafikishe sisi tuwe sababu ya kurudi kwao. Amin.