Tusifanyie mzaha simu za dharura



Nami natoa maoni yangu juu ya watu wanaopiga simu za mzaha katika namba za dharura.

Namba zenyewe tunazijua. 112 ni ya Polisi, 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ni ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 ili kuwafikisha hospitali akina mama wajawazito na watoto wachanga. Zote hazina malipo. Askari wa zimamoto wamelalamika mara nyingi kwamba watu huwapigia ili kuwatania na kuwatukana tu.

Hapa Likombe niliwakuta wanafunzi wangu wanne nyuma ya darasa na simu ya mzazi. Walikuwa wamepiga 114 mara tatu wakisema kuna duka linaungua. Nilipowauliza kwa nini namba hiyo, mmoja akajibu, "Mwalimu, simu haina salio, na hii ndiyo inayoita bila salio."

Jibu hilo lilinifikirisha. Namba iliwekwa bure ili mnyonge asikwame siku ya janga, na bure hiyo hiyo imegeuzwa mchezo.

Wako wanaosema basi zitozwe fedha. Sikubaliani nao. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, maduka yamefungwa, vocha ataipata wapi? Tutakuwa tumemwadhibu yeye kwa kosa la mwingine.

Wengine hulaumu kwamba mpokeaji huuliza maswali mengi kabla ya kutuma gari. Je, ndugu wananchi, ni nani aliyemfundisha kutotuamini? Mpiga simu ya uongo anamwibia yule anayepiga baada yake. Gari likienda kwenye moto usiokuwepo, nyumba ya makuti inayoungua kweli haisubiri lirudi.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kutumia simu kupeleka maneno ya uongo kwa nia ya kusumbua. Tena laini sasa husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwenyewe anajulikana. Lakini laini anayochezea mtoto ni ya mzazi. Napendekeza mzazi aitwe kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa aonywe. Anayerudia, na mtu mzima mwenye akili zake, afikishwe mahakamani.

Sisi walimu nasi tusingoje. Nimeanza kuwafundisha watoto kupiga simu ya kweli: taja jina lako, taja mtaa na alama inayojulikana, eleza kilichotokea, usikate mpaka uambiwe. Wale wanne ndio waliotangulia kuigiza mbele ya wenzao, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Wazazi, tuzitunze simu zetu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Likombe, Mtwara.