Salamu za Mtunza Hazina

Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, sura ya 16 mstari wa 23, Mtume Paulo anafikisha salamu za Erasto, mtunza hazina wa mji. Anamtaja kwa kazi yake: fedha za umma.

Hapa Tanzania, baraza la madiwani la jiji hukaa kikao cha kawaida kila baada ya miezi mitatu. Hapo hujadiliwa taarifa za kata, mapato, hoja za ukaguzi, mitaro na zahanati. Ni kazi isiyo na vigelegele, lakini mama anayejifungua usiku huuona matunda yake, au hukosa.

Sisi humpa diwani kiti cha mbele na kipaza sauti siku ya harambee. Je, umewahi kwenda kumsikiliza barazani? Kikao ki wazi kwa wananchi. Tusipofuatilia kazi, tutampongeza mwenye bahasha nene na kumsahau mwaminifu aliyehoji fedha za dawa zilikokwenda.

Wiki hii mwombee diwani wako kwa jina. Kikao kijacho, nenda ukaketi usikilize. Akitenda haki, mshukuru kwa kazi hiyo, uitaje.