Paradise na Peponi

Jamaa zangu wa Edmonton,

Safari hii nawaletea habari za Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyelelewa Unguja. Alizaliwa mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi akiwa kijana, akasomesha Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel. Huandika kwa Kiingereza, ila ndani yake mna maneno yetu. Kitabu chake Paradise, cha mwaka 1994, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis, kikaitwa Peponi.

Basi wajukuu wasome cha Kiingereza, sisi wazee tusome cha Kiswahili, kisha tukae tuulizane. Tusipowahadithia habari za kwetu tungali hai, watabaki kuzisoma vitabuni tu.